Buriani ya Mashujaa wa Katuni

Kuagana ni desturi ya binadamu tangu kale. Jahazi lililokuja kwa kaskazi liliagwa ufukoni lilipotweka tanga kurudi kwao kwa kusi. Maiti huagwa kaburini, bibi harusi huagwa mlangoni kwa wazazi wake, na mwanafunzi aliyemaliza masomo huwaaga walimu wake kwa hotuba na machozi. Katika zama zetu imezuka buriani nyingine ambayo wazee wetu hawakuijua. Watu wengi, waliotawanyika katika nchi mbalimbali na wasiojuana kwa sura, huungana siku moja kuwaaga viumbe wasiopata kuzaliwa: mashujaa waliochorwa kwa kalamu, wakapewa sauti na waigizaji, wakaonyeshwa katika televisheni kwa miaka, kisha wakaondolewa.

Mtu asiyejali hucheka asikiapo habari hii. Husema kwamba katuni ni mchezo wa watoto, na kwamba anayelilia picha hana kazi. Lakini mwanafunzi wa historia hafai kucheka kabla ya kuuliza. Kwa nini vijana na watu wazima walihuzunika hata wakaandika maombi na barua? Na hadithi ipendwayo inapokatwa katikati, ni nani hasa aliyeikata? Maswali haya mawili yana majibu, na majibu yake yapatikana vizuri katika mkasa wa mfululizo mmoja wa Marekani uitwao Young Justice, jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kulifasiri Haki ya Vijana.

Ili tuufahamu mkasa huo hatuna budi kuanza mbali kidogo. Shujaa mwenye nguvu zipitazo za binadamu alipata umaarufu katika majarida ya picha ya Marekani. Toleo la Juni 1938 la jarida la Action Comics ndilo lililotoa kwa mara ya kwanza habari za Superman, kazi ya vijana wawili wa mji wa Cleveland: Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora. Mwaka 1941 Superman akaanza kuonekana katika sinema, kwa katuni zilizotengenezwa na Fleischer Studios. Mwaka 1966 akapewa katuni za televisheni zilizoonyeshwa Jumamosi asubuhi, saa ambayo watoto wa Marekani walikuwa nyumbani. Mwaka 1973 ukaanza mfululizo wa Super Friends, uliowakusanya mashujaa wengi mahali pamoja, nao ukarudi mara kwa mara kwa majina mbalimbali hadi mwaka 1985.

Yafaa tuangalie jambo moja katika katuni hizo za awali. Kila sehemu ilijitegemea. Mwovu alizuka, akatisha mji, akashindwa kabla ya muda wa kipindi kwisha, na juma lililofuata dunia ilikuwa vile vile kama juzi. Shujaa hakuzeeka, hakuoa, hakufiwa wala hakujuta. Pasipo na safari hapana kuagana. Mfululizo mmoja ulipoondolewa, watoto walihamia mwingine kama ndege ahamavyo tawi, wala hakuna aliyedai kuelezwa mwisho wa hadithi, maadam hadithi yenyewe haikuwa ikielekea mahali popote.

Mambo yaligeuka mwaka 1992. Tarehe 5 Septemba ya mwaka huo ulianza kuonyeshwa mfululizo wa Batman: The Animated Series, ulioongozwa na Bruce Timm na Eric Radomski. Wasanii wake walichora mandhari ya mji juu ya karatasi nyeusi badala ya nyeupe, hata mji wa Gotham ukaonekana kama unaishi katika usiku usiokucha. Sauti ya Batman ilikuwa ya Kevin Conroy, mwigizaji aliyefariki tarehe 10 Novemba 2022, na sauti ya adui yake Joker ilikuwa ya Mark Hamill. Waovu wa mfululizo huo walikuwa na visa vilivyowafikisha katika uovu, na aghalabu mtazamaji aliwahurumia. Yupo hata mhusika mmoja, Harley Quinn, aliyebuniwa kwa ajili ya katuni hiyo na kuonekana mara ya kwanza tarehe 11 Septemba 1992. Baadaye alihamia katika majarida na sinema, akadumu kuliko mfululizo uliomzaa.

Kutokana na shina hilo yalichipuka matawi mengine: Superman mwaka 1996, Batman Beyond mwaka 1999, Justice League mwaka 2001 na Justice League Unlimited mwaka 2004. Matawi yote haya yalishiriki dunia moja na kumbukumbu moja. Jambo lililotendeka katika mfululizo mmoja lilikumbukwa katika mwingine. Kwa hiyo ilipofika tarehe 13 Mei 2006, siku ya sehemu ya mwisho, safari ya karibu miaka 14 ilikuwa ikifika bandarini. Mtoto aliyeanza kutazama akiwa na umri wa miaka 8 alikuwa sasa mtu mzima aliyekwisha kupiga kura. Watengenezaji walijua kwamba wanaaga, nao wakaaga kwa adabu: katika dakika za mwisho mashujaa wa namna zote wanatoka mbio kundi baada ya kundi mbele ya macho ya mtazamaji, kuwafuatia waovu waliopewa nafasi ya kutangulia kidogo. Kazi haikwisha, ila pazia ndilo lililoshushwa. Hiyo ilikuwa buriani iliyotayarishwa, na mwenye kuagwa vizuri hulala na huzuni nyepesi.

Buriani ya Young Justice haikuwa hivyo. Mfululizo huu ulibuniwa na Brandon Vietti na Greg Weisman, ukaonyeshwa mara ya kwanza na Cartoon Network tarehe 26 Novemba 2010. Habari yake ni ya vijana waliolelewa na mashujaa wakubwa kama wasaidizi wao: Robin aliyefunzwa na Batman, Kid Flash aliyefunzwa na Flash, na Aqualad aliyemtumikia mfalme Aquaman wa chini ya bahari. Siku ya kwanza ya hadithi vijana hawa wanakaribishwa katika jumba la mashujaa kwa heshima kubwa, wakidhani wamekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wakubwa. Mara mwenzao mmoja, Speedy, anafichua kwamba jumba hilo ni la kuonyeshwa wageni tu, na kwamba makao ya kweli ya wakubwa yako angani, mahali wasipoalikwa. Kwa hasira anaondoka. Waliobaki wanaamua kuthibitisha uwezo wao kwa vitendo, na katika kazi yao ya kwanza wanamkuta Superboy, kijana aliyetengenezwa katika maabara kwa mbegu ya Superman.

Msomaji kijana hana haja ya kuambiwa kwa nini jambo hili liliwagusa vijana. Kutakiwa kuwa na akili za mtu mzima na papo hapo kufungiwa mlango wa baraza la watu wazima ni dhiki inayojulikana kila mahali. Superboy naye alikuwa na dhiki yake. Superman, ambaye kwa damu alikuwa kama baba yake, hakujua amfanyie nini, naye kwa muda mrefu alimwepuka. Mtoto mwenye baba asiyemtazama usoni aliona habari zake katika picha zile. Baadaye waliongezeka Miss Martian, msichana aliyetoka sayari ya Mirihi na kuogopa kuonyesha umbo lake la asili, na Artemis, mpiga upinde aliyewaficha rafiki zake kwamba amezaliwa katika nyumba ya waovu.

Jambo lililoupambanua zaidi mfululizo huu ni hesabu yake ya wakati. Mara kwa mara picha zilipobadilika mahali, maandishi yalitokea yakionyesha mji, tarehe na saa. Wakati ulikwenda wala haukurudi nyuma. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 26 na ukamalizika Aprili 2012. Wa pili ulipoanza, mtazamaji alikuta kwamba katika dunia ya hadithi imepita miaka 5. Robin amekuwa mtu mzima na amelitwaa jina jipya la Nightwing, na jina la Robin amelirithi mwingine. Kid Flash na Artemis wameacha vita na kwenda kusoma chuo. Mashujaa walikua pamoja na watazamaji wao, wakakosea, wakaachana, wakapatana. Kumpenda mtu wa namna hiyo ni kutaka kujua atakuwa nani kesho.

Kesho hiyo ndiyo iliyokatwa. Mwezi wa Oktoba 2012, katikati ya msimu wa pili, mfululizo uliondolewa ghafula katika ratiba, pamoja na mwenziwe Green Lantern: The Animated Series. Ukarudishwa Januari 2013 ili kumaliza sehemu zilizokwisha kutengenezwa, na ikajulikana kwamba hapatakuwa na msimu wa tatu. Tarehe 16 Machi 2013 mifululizo yote miwili ilionyesha sehemu zake za mwisho.

Sehemu ya mwisho ya Young Justice iliacha majeraha mawili. Dunia ilikuwa karibu kuangamizwa na mtambo uliowekwa katika ncha ya kaskazini, na wenye mbio watatu walizunguka ili kuizima nguvu yake. Kid Flash, ambaye jina lake la nyumbani ni Wally West, alikuwa mzito wa mbio kuliko wenzake wawili, na kwa sababu hiyo nguvu ile ilimwelekea yeye. Dunia ikaokoka, Wally akatoweka mbele ya macho ya wenziwe, na Artemis aliyempenda akaachwa na majonzi. Kisha, katika picha za mwisho kabisa, mwovu Vandal Savage akaonekana akipeana mkono na Darkseid, adui mkubwa kuliko wote waliotangulia. Vita vikubwa vilitangazwa, na hapo hapo taa zikazimwa. Ilikuwa kama msafiri aliyeshushwa garini usiku, katikati ya pori, akaambiwa kwamba dereva haendi mbele.

Watazamaji walifanya wawezavyo. Walitia saini maombi katika intaneti, wakachora picha za mashujaa wao, wakavaa mavazi yao katika mikutano ya wapenzi wa majarida, wakatunga hadithi zao wenyewe kuziba pengo lililoachwa. Wengi walishikilia kwamba Wally hakufa, wakazichunguza picha za mwisho moja moja kama hakimu achunguzavyo ushahidi. Akipenda, chongo huita kengeza. Na anayependa huliita kaburi safari.

Sasa turudi kwa swali letu: ni nani aliyeikata hadithi? Hapa mwanafunzi wa historia hupata somo la kupima mashahidi. Mwishoni mwa mwaka 2013 mwandishi Paul Dini, mmoja wa waliomtunga Harley Quinn, alisema katika mazungumzo yaliyotangazwa kwamba wakubwa wa televisheni hawakupenda katuni za mashujaa zitazamwe mno na wasichana, kwa kuwa waliamini kwamba wasichana hawanunui vitu vya kuchezea. Maneno hayo yalienea upesi, na watu wengi wakayashika kuwa ndiyo sababu ya kufa kwa Young Justice. Lakini Dini hakuwa mtengenezaji wa mfululizo huo. Weisman, aliyekuwa ndani ya nyumba, alieleza sababu iliyo karibu zaidi: gharama za mfululizo zilitegemea mkataba na kampuni ya Mattel, iliyouza sanamu ndogo za mashujaa hao. Sanamu hazikuuzwa kama ilivyotarajiwa, Mattel ikajitoa, na fedha zilipokatika hadithi ikakatika nazo.

Shahidi wa pili ana uzito zaidi katika jambo hili kwa kuwa alilijua kwa kulitenda, si kwa kulisikia. Hata hivyo maneno yao hayapingani sana. Wote wawili wasema kwamba thamani ya katuni ilipimwa dukani. Watazamaji wa Young Justice walikuwa wengi walio wakubwa kidogo, nao walipenda hadithi. Mtu wa miaka 17 hupenda hadithi pasipo kununua sanamu. Mapenzi yao yalikuwa mengi, ila hayakuonekana katika daftari la mwenye kulipa.

Msomaji asidhani kwamba gharama hizo zilikuwa ndogo. Katika picha za kutembea, sekunde moja hujazwa na picha 24, ingawa mchoro mmoja huweza kurudiwa mara mbili au zaidi. Sehemu ya dakika 22 hujazwa basi na picha zaidi ya 31,000. Wapo waandishi, wachoraji wa mandhari, waigizaji wa sauti, wapigaji muziki na wahariri; na kwa mfululizo huu kazi kubwa ya kuchora ilifanywa Korea Kusini. Watu wote hao hula kwa jasho lao. Mtu akisema kwamba sanaa isiguswe na fedha, na aonyeshe kwanza nani atawalipa.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa watu kuaga hadithi na kukataa kuiaga. Mwezi wa Desemba 1893 mwandishi Arthur Conan Doyle, katika The Strand Magazine la London, alimwangusha mpelelezi wake Sherlock Holmes katika maporomoko ya maji huko Uswisi. Wasomaji walikasirika na wengi wakaacha kulinunua jarida. Holmes akarudi katika hadithi ya mwaka 1901 iliyosimulia mambo ya kabla ya kifo chake, na mwaka 1903 akarudi akiwa hai kabisa. Kadhalika, mwaka 1968 watazamaji wa Star Trek nchini Marekani waliiandikia televisheni ya NBC barua nyingi mno, hata ikabidi itangaze hewani kwamba mfululizo huo utaendelea. Ulipata msimu mmoja tu zaidi, ukasimama tarehe 3 Juni 1969. Lakini waliopenda hawakusahau, na miaka 10 baadaye ukafufuliwa katika sinema.

Tukilinganisha visa hivi vitatu twaona wakataji watatu. Holmes alikatwa na mwandishi wake mwenyewe, aliyemchoka. Star Trek ilikatwa na kituo cha televisheni. Young Justice ilikatwa pale muuza sanamu alipofunga mfuko wake. Kila mkasa, mpenzi wa hadithi alikuwa nje ya mlango, akibisha. Wahenga walisema kwamba dua la kuku halimpati mwewe, na kwa miaka 3 baada ya mwaka 2013 ilionekana kwamba wamesema kweli.

Kisha jambo jipya likatokea. Misimu miwili ya Young Justice iliwekwa katika Netflix, huduma inayowawezesha watu kutazama kwa njia ya intaneti saa wapendayo. Huko hesabu si ya sanamu. Kila mara mtu atazamapo sehemu moja, mitambo huandika. Mwezi wa Februari 2016 Weisman aliwaambia mashabiki kwamba kama wanataka msimu wa tatu, watazame mfululizo huo katika Netflix tena na tena, na wawaambie wenzao. Wakatazama. Vijana waliokuwa shuleni mwaka 2010, wengi wao wakiwa wafanyakazi sasa, walirudia sehemu walizozijua kwa moyo, ili macho yao yahesabiwe. Haba na haba hujaza kibaba. Tarehe 7 Novemba 2016 Warner Bros. ilitangaza kwamba msimu wa tatu unatengenezwa.

Tujihadhari hapa tusikosee katika kufasiri. Wako wasemao kwamba mapenzi ya mashabiki yaliishinda fedha. Ukweli ni kwamba mapenzi yalipata kipimo ambacho mwenye fedha aliweza kukisoma. Mwaka 2013 watu walipenda na hawakuhesabiwa. Mwaka 2016 walipenda na wakahesabiwa. Kilichobadilika ni mizani.

Mizani mpya nayo ilikuwa na hila zake. Msimu wa tatu ulianza tarehe 4 Januari 2019 katika huduma mpya iitwayo DC Universe, iliyouzwa Marekani peke yake, hata mtazamaji wa Nairobi au wa Mombasa asiweze kuinunua. Baada ya muda mfupi huduma hiyo nayo ikaacha kuonyesha picha za kutembea, na mashujaa wakahamishiwa HBO Max. Huko ndiko msimu wa nne ulikoanza Oktoba 2021, ukamalizika tarehe 9 Juni 2022. Miezi 2 kabla ya hapo kampuni mbili kubwa zilikuwa zimeungana kuwa Warner Bros. Discovery, na katika mwaka huo huo katuni nyingi zilipunguzwa au kuondolewa. Msimu wa nne ulipokwisha, msimu wa tano haukutangazwa. Jumla ya sehemu zilizotengenezwa tangu mwanzo ni 98.

Basi watazamaji wakaaga mara ya pili. Safari hii buriani ilikuwa na sura nyingine. Watengenezaji walikwisha kung'atwa na nyoka, wakajua kwamba kila msimu waweza kuwa wa mwisho. Wakaumaliza kwa arusi ya Superboy na Miss Martian, wawili walioanza wakiwa wageni duniani, kila mmoja kwa njia yake. Ni kweli kwamba waliacha mlango wazi, kwa maana adui hakuwa amekwisha. Lakini wageni walishushwa nyumbani, si porini.

Yafaa sasa tujiulize jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Hadithi za bibi zetu hazikukatwa hivi. Aliyesema paukwa, akajibiwa pakawa, hakuwa na mkataba na muuza sanamu. Akisinzia kabla ya Sungura kutoka katika shida yake, mjukuu yeyote aliweza kuimalizia habari kesho yake, na hakuna aliyemshtaki kwa wizi. Hadithi ilikuwa mali ya wote waliokaa motoni. Mashujaa wa katuni wana wenyewe. Mtazamaji hupewa kuwapenda, lakini hapewi kuwaendesha. Na mwenyewe akifunga, amefunga. Usisafirie nyota ya mwenzio, walisema mabaharia wa pwani yetu. Anayeweka furaha yake yote katika hadithi ya mwingine ajue kwamba usukani hauko mkononi mwake.

Je, hii ina maana kwamba watazamaji wale walipoteza wakati wao? La. Waliotunga hadithi za kuziba pengo walijifunza kutunga. Waliochora Artemis na Nightwing mara mia walijifunza kuchora. Waliojadiliana juu ya kifo cha Wally walijifunza kusoma picha kwa makini na kuheshimu hoja ya mtu wasiyemjua. Waliokuwa wapweke walipata marafiki. Mambo hayo hayamo katika mkataba wa kampuni yoyote, na hakuna aliyeweza kuyaondoa katika ratiba.

Fauka ya hayo, mfululizo wenyewe uliwafundisha kuaga. Katika msimu wa tatu watu walingoja Wally arudi, kwa kuwa mashujaa wengi wa majarida hufufuliwa. Hakurudi. Artemis, ambaye hakuweza kumwachilia, anamwendea rafiki yake mchawi Zatanna amsaidie kumwona mpenzi wake mara moja zaidi. Anamwona, wanazungumza, wanayatazama maisha ambayo wangeishi pamoja, na Wally anamtaka aendelee na safari yake. Baadaye mtazamaji anafunuliwa siri: hakuwa Wally kabisa. Yalikuwa maono yaliyotengenezwa na marafiki waliomhurumia.

Watu wamebishana kama marafiki hao walifanya haki kumdanganya. Msomaji ana ruhusa ya kubishana pia. Lakini atazame lililotokea: Artemis alikaa miaka bila kuaga, akiwa amefungwa katika siku ile ya barafu, alipoaga, ijapokuwa aliaga kivuli, alianza tena kutembea. Ndivyo walivyofanya na wale walioandika na kuchora katika mwaka 2013 na 2022. Walijua kwamba Robin hasikii na Superboy hasomi barua. Waliaga ili wao wenyewe wapate kwenda mbele, wakiwa na shukrani kwa miaka iliyopita na kwa waliokuwa wakitazama pamoja nao.